Uzi maalumu wa viti vya pweza: mwili wao, wanapoishi, na kwa nini wengi hawamalizi mwaka kwenye tangi

Mchungulia Mwamba

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu bila mtu kuleta picha ya kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, akiwa amelegea, mikono imenyong'onyea, anauliza atie dawa gani. Jibu langu ni lile lile na najua haliwafurahishi watu: ukimwona hivyo, kilichomfikisha hapo kimeshapita zamani. Ama ni siku aliyoingizwa tangini, ama ni miezi ya njaa ambayo hakuna aliyeiona. Kwa hiyo nashusha uzi mmoja mrefu tuwe tunaelekezana hapa. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Naanza na mwili, maana ukishaujua mwili wake maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Kiti cha pweza si samaki. Yuko kundi moja na majongoo bahari, kundi ambalo wataalamu wanaliita Echinodermata. Spishi zinazojulikana ni kama 1,900 na zote ni za maji ya chumvi. Wapo wa ufukweni panapopwa na kujaa, wapo wa kwenye nyasi bahari, wapo wa kwenye matumbawe, na wapo wa kilindini kupita mita 6,000 ambako jua halifiki kabisa. Wa mtoni au ziwani hakuna. Ukiambiwa yupo wa maji baridi, hiyo ni stori.

Hana damu na hana ubongo. Kazi ambazo wanyama wengine wanazifanya kwa damu na misuli mikubwa, yeye anazifanya kwa maji ya bahari. Mtazame mgongoni, pembeni kidogo ya katikati, utaona kidoa kigumu kilichopauka kuliko ngozi iliyobaki. Hicho ni madreporiti. Kinaunganisha maji ya nje na mfereji unaoshuka ndani hadi kwenye mrija wa duara unaouzunguka mdomo, na kutoka hapo mrija mmoja unaingia kila mkono. Chini ya mikono kuna vijiguu laini kwa mamia, kila kimoja na kifuko chake cha maji kwa ndani. Kifuko kikibana, kijiguu kinanyooka. Misuli ya kijiguu ikibana, maji yanarudi kifukoni na kijiguu kinafupika.

Kama unaye, msubiri apande kioo, kisha weka uso karibu upande wa nje. Vijiguu vinanyooka kimoja kimoja, vinapapasa, ncha inatanuka na kuganda, huku vya nyuma vinaachia. Kila kimoja kinaonekana kufanya lake, ila mnyama mzima anakwenda upande mmoja. Zamani ilielezwa kwamba anaganda kwa kufyonza. Siku hizi inajulikana kwamba kinachofanya kazi kubwa ni gundi: kijiguu kinatoa gundi, halafu kinatoa kemikali nyingine ya kuiachia. Ndiyo maana ukimng'oa kwa nguvu, vijiguu vinakatika na kubaki kiooni. Tafadhali msimng'oe. Mwacheni atembee mwenyewe hadi kwenye bakuli, au mtelezesheni taratibu kutoka ukingo mmoja.

Kwenye ncha ya kila mkono utaona kidoa chekundu. Hilo ni jicho. Halioni vitu vidogo wala haliyaoni mambo kwa haraka, lakini lina kazi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti juu ya Linckia laevigata, yule wa buluu. Akiwekwa mbali kidogo na mwamba, anaufuata na kuurudia. Akiondolewa macho, anatangatanga bila mwelekeo.

Sasa chakula, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Spishi nyingi hazimezi mawindo, zinatoa tumbo nje. Akimpata chaza, anamkumbatia kwa mikono, vijiguu vinashika kombe pande zote mbili na kuvuta bila kuchoka. Haendi kasi, lakini chaza naye misuli inachoka. Mwanya usiotimia hata milimita moja unamtosha. Tumbo linatoka mdomoni, linapenyezwa ndani ya kombe, na chaza anayeyushwa akiwa nyumbani kwake. Likimaliza kazi linarudishwa ndani. Wasiokula chaza wanalitandaza tumbo juu ya jiwe au mchanga na kuyeyusha utando wa bakteria, mwani mdogo, sifongo au mabaki.

Chakula kilichozidi anakiweka akiba kwenye tezi zilizomo ndani ya mikono. Hili lisome mara mbili. Samaki akishinda njaa tumbo linaingia ndani, unamwona. Kiti cha pweza chini ya ngozi ana vipande vidogo vingi vya chokaa vinavyoshikilia umbo, kwa hiyo kwa nje anabaki yule yule huku ndani anajila akiba. Anatembea, anapanda kioo, unawaambia wageni "huyu hasumbui kabisa". Akiba ikiisha, anaporomoka kwa siku chache, nawe unatafuta sababu kwenye maji ya juzi.

Jambo la pili ni chumvi. Samaki ana figo na matamvua ya kusawazisha chumvi mwilini. Kiti cha pweza hana. Maji ya ndani yake yanafuata maji ya nje, yakibadilika haraka seli zinavimba au zinanywea, na madhara yanaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa. Kwa wale wa matumbawe shikilia uzito mahususi wa 1.025, yaani kama gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, joto nyuzi 24 hadi 26, pH 8.1 hadi 8.4, amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa tangi) sifuri, naitreti (zinapoishia sumu hizo) iwe chini. Shaba isikaribie tangi. Dawa nyingi za vimelea vya samaki zina shaba, na kwa viumbe hawa hiyo ni sumu. Ukitaka kutibu samaki, mhamishie tangi lingine.

Kipimo cha chumvi kiwe cha lenzi au cha umeme, na kihakikishwe kwa maji ya kupimia. Vile vya plastiki vyenye kisindano kinachoelea vinadanganya sana, mie sivihesabu kama vipimo.

Na maji yanayokauka tangini ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo kujazia ni kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku kidogo kidogo. Kusubiri lipungue vidole vitatu ndipo umwage ndoo nzima ni kumpiga huyu mnyama kofi kila wiki.

Kuhusu spishi zipi zinafaa nitakuja. Ulizeni kwanza.

Kaa la Usiku

Asante kwa nondo mkuu. Mie nauliza la kitoto: ni kweli ukimkata vipande vitano unapata watano?

Mchungulia Mwamba

Si la kitoto, na jibu linategemea spishi. Karibu wote wanaweza kuotesha mkono uliokatika, japo inachukua miezi au hata zaidi ya mwaka. Lakini wengi, ili kipande kiishi, lazima kiwe na sehemu ya katikati ya mwili. Mkono mtupu unatembeatembea kidogo kisha unaoza. Walio tofauti ni jamaa wa Linckia: mkono wao mmoja unaweza kuota mwili mzima. Katika hatua za mwanzo unaona mkono mmoja mrefu na vijimkono vinne vidogo vimechomoza upande wa jeraha.

Ila kumbuka kipande kinachoota hakina mdomo kwa muda mrefu. Kinaishi kwa ile akiba niliyoisema. Kwenye tangi ambalo hata mzima anashinda njaa, kipande kina nafasi ndogo sana. Usimkate mnyama ukidhani unapanda muhogo.

Bi Matumbawe

Uzi mzuri, ila kwenye chumvi umekaza mno. Kuna spishi iitwayo Asterias rubens, yupo hadi magharibi ya Bahari ya Baltiki huko kaskazini mwa Ulaya, na baadhi ya sehemu za kule maji yana chumvi isiyofika nusu ya bahari ya kawaida. Pia wapo wanaobaki nje ya maji saa kadhaa bahari ikipwa, mvua inawanyeshea na wanaishi. Kwa hiyo "hana uwezo" si kauli sahihi kwa wote.

Mchungulia Mwamba

Hoja yako naipokea, na inasaidia kuweka mpaka. Wale wa Baltiki wamezaliwa mle, vizazi na vizazi. Na hata wao hawasawazishi chumvi mwilini, wanavumilia tu kuwa na maji ya ndani yaliyopungua chumvi, ndiyo maana ukienda ndani zaidi ya Baltiki unafika mahali hawapo tena. Wa ufukweni wamezoea misukosuko ya kila siku. Wanaouzwa kwa ajili ya matangi wengi ni wa matumbawe na nyasi bahari za nchi za joto, ambako chumvi haichezi. Hao ndio ninaowazungumzia.

Na kuhusu kuwatoa nje ya maji: kwa wale wasio wa ufukweni sioni faida yoyote ya kujaribu. Wanapumua kupitia vijiguu na vijitundu vya ngozi laini mgongoni, na vyote vinataka maji. Wanaowashika juu kwa dakika nzima ili wapige picha, halafu wanaposti "tumemrudisha salama", wananikera kuliko ninavyoweza kuandika humu bila kufungiwa.

Pampu Mbovu

Mkuu, kwenye kuingiza mnyama mpya wote mnasema matone, matone, yaani kumdondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwenye chombo hadi azoee. Mfuko ukikaa safarini siku nzima unajaa amonia. Ukishaufungua, hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kali. Sasa mtu anadondosha maji saa tatu huku mnyama anaogelea kwenye sumu. Hiyo mnaielezaje?

Mchungulia Mwamba

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kama mfuko ni wa safari fupi, matone yanatosha. Mrija mwembamba wa hewa wenye fundo, matone mawili au matatu kwa sekunde, saa mbili hadi tatu, chombo kiwe kwenye joto la tangi. Maji yakijaa unapunguza na kuendelea hadi chumvi ya chombo na ya tangi zisomeke sawa.

Kama ni wa safari ndefu, njia bora ni nyingine. Pima chumvi ya mfuko mara tu unapoufungua. Tangi la karantini liwe tayari na maji safi yenye chumvi na joto la mfuko, si la tangi lako kuu. Mhamishie humo papo hapo. Baada ya hapo pandisha chumvi taratibu kwa siku kadhaa, kidogo kila siku, hadi ifanane na tangi kuu. Hapo unamwepusha na amonia na unamwepusha na mshtuko wa chumvi. Ni kazi, na ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Kwenye karantini mgeuze umwone chini. Kwa Linckia wa buluu tafuta kijikonokono kilichong'ang'ania upande wa chini wa mkono, kombe lake limeinuka kidogo na linaruhusu mwanga. Huyo ni Thyca crystallina, anaishi kwa kunyonya majimaji ya mwenyeji wake. Anaondolewa kwa kibanio, pole pole, ndani ya maji. Angalia pia vidonda vyeupe na ncha za mikono zilizojikunja kuelekea mgongoni. Mzima ukimgusa anakakamaa. Hiyo si misuli peke yake, nyuzi za ngozi yake zina uwezo wa kukaza na kulegea kwa amri ya neva, na ndiyo siri ya mnyama mgumu vile kujipenyeza kwenye upenyo mdogo. Asiyekakamaa ukimgusa dukani, muache alipo.

Mwani Mwekundu

Haya mkuu, tuje kwenye spishi. Mie nina tangi la lita 200, lina miezi mitatu, maji yako safi kabisa. Namtaka huyo wa buluu.

Mchungulia Mwamba

Maji safi kabisa ndilo tatizo lako mkuu. Linckia wa buluu anakula utando ulioota juu ya mawe, na utando huo haununuliwi wala haumwagwi kutoka kwenye kopo. Unajenga wenyewe, kwenye mawe mengi, kwa muda mrefu. Anaweza kufika sentimita 30 upana, na anazunguka usiku na mchana akilamba mawe. Kwa lita 200 zenye miezi mitatu atamaliza kilichopo ndani ya muda mfupi, kisha ataanza kula akiba ya mikono. Mie simpendekezi chini ya lita 400 zenye mawe yaliyokomaa mwaka mzima, na hata hapo wapo wanaokufa. Kwa maoni yangu huyu ni mnyama wa kuachwa mwambani. Najua nitapingwa.

Fromia, wale wekundu wadogo wa sentimita nane kumi, mahitaji yao ya chakula yanakaribiana na ya Linckia lakini mwili ni mdogo, kwa hiyo tangi lililokomaa lina nafasi ya kumlisha mmoja. Mmoja, si wanne.

Protoreaster nodosus, yule wa rangi ya mchanga mwenye vipembe vyeusi mgongoni, na binamu yake Protoreaster linckii wa Bahari ya Hindi mwenye vipembe vyekundu, hao ndio wagumu kufa njaa, kwa sababu wanakula nyama. Kipande cha kamba au chaza, kibichi kisicho na viungo, unakiweka mchangani na kumsogeza juu yake, mara mbili au tatu kwa wiki. Dakika chache tu utaona katikati ya mwili inainuka, anakaa juu ya chakula bila kusogea, na akiondoka kipande hakipo. Lakini usimweke penye matumbawe. Atakula matumbawe, sifongo, chaza, konokono waliozubaa na hata mnyama mwingine wa jamii yake aliye dhaifu. Tangi lake ni la samaki na mawe tu.

Wanaozama mchangani, Astropecten, ndio wanaoonewa kuliko wote. Wananunuliwa "wasafishe mchanga". Hawasafishi uchafu, wanameza wadudu na vijikonokono hai waliomo mchangani, tena mzima mzima. Hata tundu la kutolea taka hana, mabaki yanatoka kwa mdomo ule ule. Mchanga wa tangi la kawaida anaumaliza kwa miezi michache, na kwa kuwa anaishi amefukiwa hakuna anayejua alikufa lini. Naitreti ndiyo inayotoa taarifa.

Kombe Tupu

Mie sikununua yeyote na ninao zaidi ya ishirini! Vidogo kama ukucha, vyeupe, vina mikono isiyolingana, viko kiooni kila nikiwasha taa usiku. Ni watoto wa nani hawa?

Bi Matumbawe

Hao ni jamii ya Asterina, na wengi wao si watoto, ndio ukubwa wao. Wanaingia wamejificha kwenye mawe. Mikono hailingani kwa sababu wanaongezeka kwa kujigawa vipande viwili, kila nusu inaotesha iliyobaki. Wengi wanakula mwani na utando, hawana shida. Wachache wanatafuna matumbawe. Kabla ya kuwalaumu, mtazame kwa tochi usiku: kama wapo juu ya tumbawe na chini yao nyama imekwisha, waondoe kwa mkono. Kama wapo kiooni, waache, ni chakula kinachozunguka.

Kombe Tupu

Nimeambiwa nitie yule kamba mwenye madoa, Hymenocera picta, atawamaliza.

Bi Matumbawe

Atawamaliza kweli, kwa kuwa hali kitu kingine. Wakiisha? Itabidi umtafutie viti vya pweza maisha yake yote. Na kama una Fromia unayempenda, ataanza na huyo. Wanafanya kazi wawili wawili, mmoja anainua mkono, wanamgeuza chali kisha wanaanza kumla kutokea ncha za mikono, na mlo unaweza kuchukua siku nyingi huku anayeliwa yu hai. Mie nilishuhudia mara moja na sikutamani tena.

Dau la Tatu

Wakuu mbona mnaongea matangi tu? Huko baharini wana faida gani? Mie ninachojua ni wale wa miiba wanaomaliza matumbawe.

Mchungulia Mwamba

Wa miiba ni Acanthaster, mikono yake inaweza kufika 21 au zaidi kidogo, miiba ina sumu inayouma vibaya. Analitandaza tumbo juu ya tumbawe, akihama anaacha alama nyeupe kabisa. Wakiwa wachache ni sehemu ya mwamba, tena wanapendelea matumbawe yanayokua haraka na kuwapa nafasi yale ya polepole. Wakilipuka kwa wingi ni balaa. Kwenye Great Barrier Reef ya Australia wapiga mbizi wanawachoma sindano mmoja mmoja, ya chumvi ya nyongo au siki. Jike mmoja mkubwa anatoa mayai kwa mamilioni kwa msimu, kwa hiyo hesabu inakimbia. Adui yake mmojawapo ni yule konokono mkubwa Charonia tritonis, ambaye binadamu anamtafuta kwa ajili ya kombe lake.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 1963 Robert Paine, mwanaikolojia wa Marekani, alianza kuwang'oa viti vya pweza wa spishi ya Pisaster ochraceus kwenye kipande cha mwamba huko pwani ya jimbo la Washington na kuwatupa mbali baharini. Kipande cha jirani alikiacha kama kilivyo. Alipoondoa mlaji huyu mmoja, kome walitanda. Spishi zilizokuwa 15 mwambani zikashuka hadi 8, kwa sababu kome waliziba nafasi yote. Alichapisha mwaka 1966, na mwaka 1969 akaja na dhana ya spishi nguzo, yaani mnyama ambaye idadi yake ni ndogo lakini ukimtoa jamii nzima inabadilika. Dhana hiyo leo inatumika kuanzia msituni hadi kwenye mbuga, na chanzo chake ni huyu asiye na ubongo.

Mwani Mwekundu

Na ule ugonjwa wa kuyeyuka? Nimeona video mikono inatembea yenyewe kuacha mwili. Unaweza kuwa ndio uliomuua wangu wa kwanza?

Mchungulia Mwamba

Mlipuko mkubwa ulianza 2013 pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini na uligusa spishi zaidi ya 20 kutoka Mexico hadi Alaska. Aliyeumia zaidi ni Pycnopodia helianthoides, jitu lenye mikono hadi 24 na upana wa karibu mita moja. Zaidi ya asilimia 90 walipotea, na sasa amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Yeye alikuwa anakula achini, wale mviringo wenye miiba. Alipoondoka achini walizidi, nao wakafyeka misitu ya mwani mrefu sehemu nyingi. Sababu ilibishaniwa zaidi ya miaka kumi, hadi mwaka 2025 watafiti walipochapisha kwamba kwa Pycnopodia kisababishi ni bakteria, Vibrio pectenicida, waliyemkuta kwenye majimaji ya ndani ya wagonjwa na kuambukiza nayo wazima.

Wa kwako? Dalili zinafanana: mikono inajikunja, mwili unapoteza maji na kunywea, vidonda vyeupe, mikono inakatika. Lakini kulegea na kuyeyuka ndivyo kiti cha pweza anavyokufa karibu kwa sababu yoyote, na kwenye matangi sababu za kawaida ni chumvi na njaa. Kabla ya kusema bakteria, jibu maswali matatu: aliingizwaje, alikuwa anakula nini, na chumvi ilicheza kiasi gani?

Kaa la Usiku

Wa kuishi nao ni samaki gani?

Mchungulia Mwamba

Rahisi kutaja wasiofaa: vikande na bunju. Watamdonoa vijiguu na ncha za mikono hadi amalizike. Pia funika midomo ya pampu kwa wavu, maana anapanda popote na mkono ukivutwa ndani haurudi.

Pampu Mbovu

Na wale wenye mikono mirefu kama nyoka, wanaokimbia? Mie naona wanadumu kuliko hawa wote.

Bi Matumbawe

Hao si viti vya pweza halisi, ni kundi jirani, Ophiuroidea. Mwili wa katikati ni kijisahani kilichojitenga kabisa na mikono, na wanatembea kwa kuizungusha mikono yenyewe, si kwa vijiguu. Ni kweli wanadumu, kwa sababu wanakula mabaki ya samaki na tangi lolote linalolishwa lina mabaki. Kwa lita 200 za Mwani Mwekundu, mimi ningeanza na huyo. Mwepuke wa kijani tu, Ophiarachna incrassata. Usiku anainua mwili juu ya mikono, anatengeneza kibanda, samaki mdogo akiingia kujificha mikono inajifunga.

Mwani Mwekundu

Sawa, nitaanza na huyo asiye wa kijani, wa buluu namwacha. Swali la mwisho: ninajuaje amekufa? Wangu yule nilimwacha siku nzima nikidhani amelala, tangi zima likanuka.

Mchungulia Mwamba

Mgeuze chali, ndani ya maji. Aliye hai ataanza kukunja ncha ya mkono mmoja au miwili kutafuta pa kushika, kisha anajivuta na kujipindua. Akiwa dhaifu anaweza kuchukua muda mrefu, lakini vijiguu vitakuwa vinacheza. Vijiguu vikiwa vimetulia kabisa, vimelala, na ukimgusa hajikazi, mpe nusu saa, angalia tena. Ngozi ikianza kuteleza mkononi au kuachia, usisubiri, mtoe. Fyonza vipande vyote mchangani, pima amonia jioni hiyo na asubuhi yake, badilisha robo ya maji kwa maji yenye chumvi na joto lile lile, weka kaboni mpya kwenye chujio. Na mawe usiyasugue. Utando uliobaki juu yake ndio chakula cha atakayefuata.